Mafungo ya kimya ya siku 10: jinsi ya kujiandaa, kukaa na kumaliza kozi ya Vipassana

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa waliokwenda kwenye mafungo ya kutafakari ya Kibudha unafanana: nilifika salama, nikaanza vizuri, siku ya pili au ya sita nikaomba kuondoka. Mmoja magoti yalimshinda. Mwingine alikesha akiwaza deni la duka. Mwingine alidhani anakwenda kupumzika, akakuta kengele inagongwa saa kumi alfajiri.

Wote hao walijiandaa vizuri kwa safari, wakasahau kujiandaa kwa kukaa. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya kozi hii hushinda au hushindwa nyumbani, wiki sita kabla ya kupanda ndege, ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya ukiwa bado kwako.

Ninaeleza kozi ya siku 10 ya Vipassana, yaani kutafakari kwa kutazama hisia za mwili, inayofundishwa katika vituo vya mwalimu wa kutafakari S. N. Goenka, na mfano wangu ni Dhamma Giri, kituo kikuu kilichopo Igatpuri, jimbo la Maharashtra, India. Ratiba na kanuni ni zile zile duniani kote, kwa hiyo hata anayekwenda Dhamma Pataka, kituo cha Worcester nchini Afrika Kusini, mwongozo huu utamfaa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti, viza na barua pepe ya kuthibitisha nafasi yako, vyote vimechapishwa kwenye karatasi.
- Kadi ya njano. India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwemo. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na kozi itaanza bila yeye.
- Nguo pana zisizobana, za kufunika mabega na magoti. Suruali pana ya pamba, gauni refu au dera linafaa. Jinzi iache, inakata damu nyuma ya goti.
- Khanga mbili au kikoi na shali moja. Matumizi yake nitayaeleza kwenye hatua ya 3.
- Ndala za kuvua upesi mlangoni mwa ukumbi.
- Saa ndogo ya kengele, kwa sababu simu itakabidhiwa ofisini.
- Tochi, mwavuli kama unakwenda kati ya Juni na Septemba (mvua ya Igatpuri ni nzito), na sweta kama ni Desemba au Januari.
- Sabuni, dawa ya meno, taulo za kike za kutosha, dawa ya mbu isiyo na harufu kali. Manukato hayaruhusiwi.
- Dawa zako zote za hospitali kwa siku 14, pamoja na karatasi ya daktari.

Usibebe kitabu cha kusoma, daftari, kalamu, redio wala chakula. Msahafu, Biblia, tasbihi na rozari navyo hukabidhiwa au huachwa nyumbani. Hilo la mwisho lina uzito wake, tulizungumze kabla ya lingine lolote.

## Hatua ya 1: Amua kama kozi hii ni yako

Anza na afya ya akili. Aliyewahi kuugua ugonjwa mzito wa akili, kusikia sauti zisizokuwepo, kupandwa na wazimu au kupitia siku za msisimko mkali zinazofuatwa na huzuni nzito, asiombe nafasi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Zaidi ya saa kumi za kujitazama kila siku, bila maongezi, humkuta mtu na yote aliyoyafukia. Fomu ina maswali kuhusu mambo haya. Yajibu kwa ukweli. Kuficha ili upokelewe ni kujihatarisha. Na usikatishe dawa uliyoandikiwa kwa kudhani kutafakari kutachukua nafasi yake.

Sasa dini. Jioni ya ufunguzi wanafunzi hurudia maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, ya kujikabidhi kwa hifadhi ya Buddha, Dhamma (mafundisho yake) na Sangha (jumuiya ya wafuasi wake), kisha huahidi kanuni tano. Walimu hueleza kwamba hifadhi hiyo inahusu sifa za mtu aliyeamka na kwamba haimtoi mtu kwenye dini yake, na kweli ukumbini hukaa Wahindu, Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Lakini kanuni ziko wazi: kwa muda wote wa kozi unaombwa kusimamisha sala, kufunga, kuhesabu tasbihi, kuchoma ubani na ibada ya aina yoyote, ili njia hii ijaribiwe peke yake bila kuchanganywa.

Kwa Mwislamu anayeshika sala tano, hili si dogo. Nasema wazi: usiende ukipanga kuswali kwa kujificha chumbani. Utaishi siku kumi na siri, na siri haiachi akili itulie. Waandikie kituo kabla, uliza, pata jibu, zungumza na mtu wa elimu unayemwamini, kisha amua. Kuamua kutokwenda nako ni uamuzi mzuri. Kwa vyovyote, angalia kalenda: tarehe za kozi zisiguse Ramadhani, wala kwa Mkristo zisiguse Juma Kuu.

Kama bado unasitasita, onja kidogo kwanza hapa nyumbani. Kuna hekalu la Wabudha mtaa wa Upanga, Dar es Salaam, na kuna Kituo cha Wabudha cha Uganda huko Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhikkhu Buddharakkhita. Mafundisho ya huko hayafanani kwa kila kitu na kozi ninayoieleza, ila utamwona mtawa uso kwa uso na kumuuliza kinachokusumbua.

Utajua hatua imekamilika ukiweza kumweleza mama yako au mwenzi wako, bila kigugumizi, unakwenda wapi, kufanya nini, na nini utakisimamisha kwa siku hizo.

## Hatua ya 2: Omba nafasi na panga siku 14

Maombi hufanywa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya vituo hivi, dhamma.org. Chagua kituo, tarehe na lugha. Maelekezo hutoka kwenye sauti ya Goenka iliyorekodiwa, kwa Kiingereza na kwa India pia Kihindi; Kiingereza chake ni cha polepole na chepesi kufuata.

Kozi ni bure. Hakuna ada ya mafunzo, chakula wala malazi; kila kitu hulipwa na michango ya waliomaliza kozi zilizopita, na mchango haupokelewi kwa mtu ambaye bado hajamaliza kozi. Kwa hiyo mtu yeyote anayekudai "ada ya usajili" ya kozi hii ni tapeli. Gharama zako ni nauli, viza na kulala Mumbai.

Hesabu siku vizuri. Unafika mchana wa siku inayoitwa sifuri, na unaondoka asubuhi ya siku ya 11, jumla siku 12. Ongeza usiku mmoja Mumbai kabla na mmoja baada. Treni za kutoka Mumbai kuelekea Nashik hupita Igatpuri, mwendo wa saa mbili hadi tatu hivi, na kutoka stesheni utachukua riksha. Usikate tiketi ya ndege ya siku ya 11. Treni ikichelewa, siku kumi za utulivu zitaishia kwenye kukimbizana na foleni ya uwanja wa ndege.

Ukijaza fomu ya viza, eleza unachokwenda kufanya kama kilivyo, na ulize kituo aina ya viza wanayoshauri.

## Hatua ya 3: Andaa magoti, nyonga na mgongo kwa wiki sita

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndipo ningependa utumie muda wako.

Kuna wanaosema, "Sisi tumezoea mkekani, kukaa chini si tatizo." Mkekani tunabadilisha mkao kila dakika tano bila kujua: unaegemea mkono, unanyoosha mguu, unageuka kumsikiliza mtu. Kukaa saa nzima bila kutikisika ni kazi nyingine.

Kaa hivi. Kunja blanketi mpaka liwe nene kama matofali mawili yaliyolazwa, uliweke juu ya mkeka. Kaa kwenye ukingo wa mbele, si katikati, ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Sababu ni hii: nyonga zikiwa chini ya magoti, kiuno hurudi nyuma, mgongo hujikunja, na baada ya robo saa maumivu hupanda hadi shingoni. Nyonga zikiinuka, uti wa mgongo husimama wenyewe.

Sasa tazama magoti. Kama goti moja linaning'inia hewani, misuli ya paja inalishikilia muda wote, nayo itachoka. Chukua khanga, ikunje mara nne, isukume chini ya goti hilo mpaka lipate pa kupumzikia. Khanga ya pili weka chini ya vifundo vya miguu. Shali funika mapajani, kwa sababu mwili uliotulia hupoa, na misuli iliyopoa huuma upesi. Miguu si lazima ipandane. Mmoja mbele ya mwingine, yote ikigusa sakafu, inatosha kabisa.

Wiki ya kwanza kaa dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Ongeza dakika 5 kila wiki. Usitafute kutafakari bado. Kaa tu, macho yamefungwa, simu ikiwa chumba kingine. Mwisho wa wiki ya sita uwe unakaa dakika 40 na kubadilisha mkao mara moja au mbili.

Tofautisha maumivu. Ganzi ya mguu inayoisha dakika chache baada ya kusimama ni ya kawaida. Maumivu makali kama ya kuchomwa ndani ya goti, au yanayoendelea ukitembea, ni onyo: acha mkao huo. Mwenye goti bovu, mgongo uliowahi kuumia au umri mkubwa aombe kiti tangu kwenye fomu. Kiti hakipunguzi chochote kwenye mafunzo, na nimeona watu wakiumia bure kwa aibu ya kukiomba.

Wiki mbili za mwisho punguza kahawa na chai ya rangi taratibu, la sivyo siku ya pili utaumwa kichwa na utadhani ni kutafakari. Sigara, ugoro na miraa haviruhusiwi kabisa kituoni. Anayetumia aache mapema, siku za kwanza za kuacha zipite akiwa nyumbani. Chakula cha jioni nacho kiwe chepesi, kwa sababu kule hakuna.

## Hatua ya 4: Funga mambo ya nyumbani

Akili ikikosa la kufanya huchukua mkoba wa madeni na kuanza kuyapanga. Lipa kodi ya nyumba na ada za watoto kabla ya kuondoka. Kazini, kabidhi kwa maandishi. Kama kuna mtu mmekosana na jambo linawezekana kumalizwa, limalize.

Kisha familia. Kwetu mtu akinyamaza siku mbili kwenye kundi la WhatsApp, shangazi anaanza kupiga simu. Waandikie mapema: nitakuwa bila simu kuanzia tarehe hii hadi hii, niko mahali hapa, namba ya ofisi ya kituo ni hii, ipigwe kwa dharura ya kweli tu. Mkabidhi namba hiyo mtu mmoja mwenye busara, ndiye aamue dharura ni ipi. Habari ya msiba au ugonjwa mzito kituo kitakufikishia.

## Hatua ya 5: Siku ya kufika

Wahi mchana. Utajiandikisha, utakabidhi simu na vitu vya thamani, utaoneshwa chumba. Wanaume na wanawake hukaa, hula na hutembea sehemu tofauti. Mume na mke hawataonana kuzungumza hadi siku ya kumi.

Utaahidi kanuni tano: kutoua kiumbe chochote, kutoiba, kutofanya tendo lolote la ngono, kutosema uongo, kutotumia kilevi. Ya kwanza inamhusu mbu pia. Mpeperushe, jifunike, tumia dawa yako.

Kimya huanza usiku huo. Ni kimya cha ulimi, cha ishara na cha macho: hakuna kuonyeshana vidole gumba wala kuandikiana. Shida ya chumba au chakula mwambie mhudumu. Swali la kutafakari mwulize mwalimu msaidizi, saa sita mchana faraghani au saa tatu usiku ukumbini. Kuzungumza na hao wawili ruhusa ipo, na wengi hawaitumii.

Ratiba ya kila siku iko hivi: kengele saa 10:00 alfajiri, kutafakari kuanzia 10:30, kifungua kinywa 12:30 asubuhi, kikao cha pamoja saa 2:00, kutafakari hadi chakula cha mchana saa 5:00, kisha mapumziko mpaka 7:00. Mchana kikao cha pamoja ni 8:30, chai na matunda saa 11:00 jioni, kikao kingine 12:00, mawaidha yaliyorekodiwa saa 1:00 usiku, na taa huzimwa 3:30.

Chakula ni cha mboga tupu, kimepikwa vizuri: wali, chapati, dengu. Kwa kuwa jioni hakuna mlo, kishawishi ni kujaza sahani mbili saa tano. Usifanye hivyo. Dengu nyingi tumboni na vikao vya mchana havipatani, na usingizi wa saa saba mchana utakuangusha.

## Hatua ya 6: Siku ya 1 hadi ya 3, pumzi peke yake

Kazi ni moja: kufahamu pumzi inavyoingia na kutoka puani, ya kawaida, bila kuivuta kwa nguvu wala kuirefusha. Usihesabu, usitamke neno, usifikirie picha. Baadaye eneo linapunguzwa, hadi ubaki na sehemu ndogo chini ya matundu ya pua, juu ya mdomo wa juu. Sababu ya kupunguza ni kuinoa akili ipate kuhisi vitu vidogo: ubaridi wa hewa inayoingia, uvuguvugu wa inayotoka, mwasho, mtekenyo.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye harusi ya binamu, kwenye mechi ya Simba na Yanga, kwenye maneno uliyoambiwa ukiwa darasa la tano. Ukigundua, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Kujigombeza ni wazo jingine, nalo litakuchukua dakika tano zaidi. Usingizi ukikukamata, pumua kwa nguvu kidogo mara chache, au toka nje wakati usio wa kikao cha pamoja, unawe uso, utembee kidogo, urudi.

Mafanikio hapa yanaonekanaje? Si akili tupu. Ni kugundua mapema zaidi kwamba umepotea. Siku ya kwanza utapotea dakika kumi. Siku ya tatu dakika moja au mbili, na utahisi kitu, hata kidogo, juu ya mdomo. Hiyo inatosha kuendelea.

Siku ya pili utataka kuondoka. Karibu kila mtu hutaka, kwa sababu mwili umechoka na faida bado haijaonekana. Usiamue usiku; mwone mwalimu saa sita mchana wa kesho yake.

## Hatua ya 7: Siku ya 4 hadi ya 9, kupita mwili mzima

Mchana wa siku ya nne ndipo Vipassana yenyewe hufundishwa, katika kikao kirefu cha takriban saa mbili. Nenda chooni kabla.

Unapitisha umakini kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, sehemu kwa sehemu, ukihisi kilichopo: joto, uzito, mdundo wa damu, nguo inavyogusa ngozi, maumivu. Usiruke sehemu na usichague. Kwenye sehemu isiyohisi kitu kaa dakika moja hivi, kisha endelea. Kisichopendeza usikichukie, kinachopendeza usiking'ang'anie, vyote vinapita. Wabudha huita hali hiyo ya kupita *anicca*, na ndiyo moyo wa mafunzo yote.

Kuanzia hapo, vikao vitatu vya pamoja hukaliwa kwa azma: saa nzima usifungue macho, mikono wala miguu. Usianze kwa ushujaa. Panga khanga zako, tafuta mkao mwepesi, kisha tulia. Maumivu ya goti yakija, yatazame kwa karibu: yanaanzia wapi, yanaishia wapi, yanadunda au yanawaka? Mara nyingi utakuta kilichokutesa zaidi ni hofu ya dakika ishirini zilizobaki. Lakini likija lile la kuchoma kama kisu nililolitaja, badilisha mkao. Azma haidai goti lako.

Hatari ya siku hizi inawapata waliofanikiwa. Mtu anahisi mwili mzima unatiririka kwa mtekenyo mwororo, anafurahi. Kikao kinachofuata anakuta uzito na giza, anaona amerudi nyuma, siku ya sita anafunga begi. Hajarudi nyuma. Ameanza kuutamani mtekenyo. Kipimo cha maendeleo ni namna unavyobaki mtulivu mbele ya hisia yoyote, haijalishi ni tamu au chungu. Machozi, hasira za zamani na ndoto nzito ni vya kawaida.

Mwambie mwalimu siku hiyo hiyo ukikosa usingizi kabisa usiku mbili mfululizo, ukishikwa na hofu isiyoisha baada ya kikao, ukisikia sauti, au ukianza kuamini una ujumbe maalumu wa kupeleka kwa watu. Fungua macho, acha kupitisha mwili, tembea, kula vizuri. Hapo kuacha kozi kwa ushauri wa mwalimu ni jambo la busara.

## Hatua ya 8: Siku ya 10 na wiki ya kwanza nyumbani

Asubuhi ya siku ya kumi hufundishwa *metta*, kuwatakia heri viumbe wote, na baada yake kimya kinafunguliwa. Kelele za watu waliokaa kimya siku tisa zitakushangaza. Kichwa kinaweza kuuma. Zungumza kidogo, kunywa maji, nenda kwenye vikao vilivyobaki. Mchango unaweza kuutoa siku hii, kwa kiasi unachoweza na kwa hiari yako.

Asubuhi ya siku ya 11 safisha chumba chako kabla ya kuondoka. Stesheni itakuwa na makelele kuliko unavyoikumbuka, kwa hiyo simu iwashe ukiwa umeketi, na umpigie kwanza yule uliyemwachia namba.

Usifanye uamuzi mkubwa wiki ya kwanza: kuacha kazi, kuvunja uchumba, kugawa vitu. Usiwahubirie wa nyumbani pia. Wakiuliza ulikuwa unafanya nini, waambie kwa maneno mawili, kisha uoshe vyombo.

Vituo hushauri kukaa kwa muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni kila siku. Kwa mwenye watoto na daladala la saa kumi na moja alfajiri hilo ni gumu, na naona heri nusu saa inayokaliwa kila siku kuliko saa mbili zinazoachwa baada ya mwezi. Tumia blanketi lile lile, khanga zile zile, mahali pale pale. Ukishamaliza kozi moja, unaruhusiwa pia kuomba kwenda kuhudumu kwa kujitolea jikoni na bwenini kwenye kozi ya wengine. Fomu ni ile ile, unachagua tu sehemu ya wahudumu.